Jibu Nililokupa Siku Tuliyomzika Hezron

Wangui mwanangu,

Barua huanza kwa kuuliza hali, lakini hali yako naijua. Umetoka hapa saa nane kwenda Giakanja kuwaaga mama zako wadogo, na kabla ya kutoka umenipigia magoti mlangoni ukatubu kwamba jana ulinikasirikia kwa sababu ya kuni. Kuni! Mtu wa miaka ishirini anapiga magoti kwa sababu ya kuni. Nikakuambia nimekusamehe, ukaenda zako. Nami nimechana kurasa za katikati za daftari la chama cha akina mama, nimeketi mezani, na sitainuka mpaka nimalize.

Mambo ya blanketi, ya kuchemsha maji ya kunywa, ya kutotembea peke yako jioni, hayo utaambiwa kesho na kila mwanamke wa kanisa mpaka masikio yakuwashe. Siyarudii. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa kuwa ndiyo lugha ya nyumba hii. Baba yako alitoka magharibi, askari polisi aliyeletwa Nyeri zamani za mkoloni, na Kikuyu hakikumkaa mdomoni hata mara moja. Mimi nayo lugha ya kwao sikuijua. Tulipendana kwa Kiswahili, tukagombana kwa Kiswahili, na lile neno nililokuambia siku tuliyomzika kaka yako nililisema kwa Kiswahili.

Ulikuwa na miaka tisa. Tulikuwa tumesimama kwenye ua, mbali na kaburi, wewe umenishika gauni, ukaniuliza, "Mama, Hezron ako wapi sasa?" Nikakujibu bila kukuangalia, "Ako motoni." Hukulia. Tangu siku hiyo hujaniuliza tena habari zake. Leo nataka kulirudisha lile neno kabla hujaondoka nalo. Wanasema maji yakimwagika hayazoleki, na mimi nimeyaacha miaka kumi na moja.

Kesho unaenda chuo cha Biblia, urudi baada ya miaka mitatu ukiwa mwinjilisti, na kanisa zima linashangilia. Wanasema Wangui ana wito. Mimi najua kinachokupeleka. Kinakupeleka kitu nilichokitia moyoni mwako pale kwenye ua, na sijui kama utanielewa nikikueleza, lakini ukiondoka bila kujua nitakuwa nimewapoteza nyote wawili.

Nianze na cucu, mama yangu, ambaye jina lake ndilo unalolibeba. Unajua kwetu jina si jina tu. Nilikuwa nikikuita mama hata ulipokuwa unatambaa, na siku nilizokuchapa niliona haya kidogo. Cucu hakubatizwa. Si kwamba aliikataa Injili. Alikuja kanisani, akaketi nyuma, akaimba na wengine. Mwinjilisti akamwambia, ukitaka ubatizo vua kwanza hizo hereni za kizamani na uache ugoro. Cucu akamjibu, "Ugoro nitaacha. Haya masikio nilitobolewa na mama yangu. Nikienda kwa Mungu bila hizi vitu, atanijuaje?" Akafa hivyo hivyo. Siku ya kumzika, mwinjilisti alihubiri kwamba kuna watu wanaoketi kanisani mpaka benchi inapata joto na bado wamepotea, na kila mtu pale alijua anasemwa nani. Mimi nilikuwa nimeokoka mwaka mmoja tu, moto moto kama chapati. Nikaitikia amina. Mama yangu mzazi yuko ndani ya sanduku, na mimi ninaitikia amina. Hezron alikuwa na miaka kumi na minne, akageuka akaniangalia, nikadhani anatafuta leso ya kufutia machozi.

Alikuwa amelala chumba kimoja na cucu tangu utotoni. Alipomaliza shule akapata ukarani kwenye kiwanda cha kahawa, kazi ya mizani, na kila mwisho wa wiki alikuja nyumbani. Jumapili moja alasiri tulikuwa tunamenya viazi, mimi na yeye. Akaniambia, "Mama, nataka kukuambia kitu na usiambie mtu." Nikasema sema. Akasema, "Siamini Mungu anachoma cucu. Nimejaribu kuamini, imenishinda. Yesu niko na yeye. Hiyo moto ndiyo siamini."

Nikamwahidi sitamwambia mtu. Viazi havijaisha kumenywa, mimi nimeshaanza kuingoja Alhamisi.

Alhamisi ilikuwa siku ya ushirika wetu sisi tuliookoka. Utaratibu wake umekua nao: mtu mwenye jambo hulileta nuruni mbele ya wote, kwa kuwa anayekaa nalo moyoni amefuga nyoka. Wivu wako, hasira yako, sukari uliyoficha jirani alipobisha hodi, vyote nuruni. Desturi hiyo imeponya watu, sikatai. Kuna majirani waliokuwa hawasalimiani kwa sababu ya mpaka wa shamba, na mmoja akasimama Alhamisi moja akasema ni yeye aliyesogeza vigingi. Lakini mtu huleta nuruni dhambi yake mwenyewe. Mimi nilisimama, nikafuta macho kwa leso, nikaleta ya mwanangu. "Bwana asifiwe, ndugu zangu," nikasema, "niko na mzigo wa nyumbani." Nikayatoa yote, mpaka lile la cucu, neno kwa neno. Wakaniombea kwa machozi. Nilirudi nyumbani naimba, Wangui. Nilijiona mwepesi.

Wazee wa kanisa wakamwita. Niliketi nje ya ofisi nikasikia. Kiongozi wao, mzee mpole, alimbembeleza kweli. "Kijana, sema tu neno moja. Sema unaamini, tumalize hii maneno, kila mtu aende kwake." Hezron akamjibu kwa adabu, "Mzee, nikisema na siamini, si hiyo ndiyo uongo?" Akatengwa. Hakupewa Meza ya Bwana, akawekwa benchi la mlangoni, na ndugu walikatazwa kumpa mkono. Wengi wakitengwa huacha kuja, au huhamia kanisa lingine ng'ambo ya mto. Yeye alikuja kila Jumapili, miezi mitano, na baridi ya Julai unaijua inavyoingia kwa ule mlango. Alikuja akaimba. Hilo liliwakera wazee kuliko maneno yake yote. Mimi niliketi mbele na viongozi wa akina mama, na wakati wa kutoka nilipita karibu naye nikamwangalia viatu.

Hakunigombeza. Aliniambia mara moja tu, tukiwa peke yetu zizini, "Mama, ungeniambia tu hutaweza kunyamaza." Nikamjibu kwa ukali kwamba nilifanya kwa kumpenda. Na ilikuwa kweli, ndiyo maana naogopa hilo neno mpaka leo.

Julai ileile akapata homa ya kifua. Baba yako alikuwa amehamishiwa Kerugoya kikazi. Barabara ilikuwa tope tupu, gari la kumpeleka hospitali lingepatikana kesho yake asubuhi. Mchana mwinjilisti akaja, akanisemesha huko nje. "Mama Hezron, akitubu leo tunampokea leo. Usikubali aende hivyo. Wewe ndiye mama, atakusikia." Akaniachia kazi hiyo akaenda. Wewe nilikuwa nimekutuma kwa jirani.

Ninayokuandikia sasa hakuna anayeyajua. Ningali naenda kila Alhamisi kwenye ushirika wa nuru na haya sijayaleta nuruni.

Hezron alisema, "Mama, maji." Kikombe kilikuwa mkononi mwangu, nilikuwa nimeshamchotea. Nikamwambia, "Sema kwanza. Sema, Bwana nisamehe, naamini." Akaniangalia. Akasema tena, "Maji." Nikasema, "Hezron, sema, mwanangu, sema tu." Nilimfanyia hivyo mara tatu, labda nne. Midomo yake ilikuwa imepasuka. Mwisho nikampa, akanywa kidogo, akageukia ukutani. Hakusema tena neno. Alikata roho kabla jua halijatua, na mimi nilikuwa nimeshika Biblia, sikuwa nimemshika yeye.

Yule tajiri wa kwenye Injili anayeomba tone la maji, nimehubiriwa habari zake mpaka namjua kama jirani. Miaka yote nilijiweka upande wa Ibrahimu, nikimtazama kutoka juu. Kama jehanamu ipo, nilimwonjesha mwanangu akiwa bado hai. Na kama haipo, basi niliitengeneza mimi mwenyewe, chumbani kwangu, kwa kikombe cha bati.

Wazee walikaa siku hiyohiyo wakasema hakuna kengele, hakuna wimbo, hakuna mshirika kubeba jeneza. Baba yako akafika na askari wenzake wanne kutoka Kerugoya, wakachimba wenyewe pale mwisho wa shamba. Unakumbuka dini ya kwao: hawabatizi kwa maji, wanaketi kimya wakimngoja Mungu, na wanasema kila mtu Mungu amemwekea nuru yake ndani. Nilizoea kumtania, "Nyinyi mnaabudu au mnasinzia?" Naye alicheka. Siku hiyo mwinjilisti alisimama barabarani kuhakikisha amri inafuatwa, baba yako akamwendea akamwambia, "Mungu ile mimi najua hana hiyo jiko." Halafu akaenda akaketi chini kando ya kaburi na kofia mapajani. Baada ya muda akanitafuta kwa macho, akapiga udongo kwa kiganja pale ubavuni pake, nije nikae.

Sikwenda. Nilibaki kwenye ua na akina mama wa kanisa, kwa kuwa mimi mwenyekiti wao sikuweza kuonekana kwenye kaburi la aliyetengwa. Hapo ndipo uliponiuliza, na hapo ndipo nilipokujibu. Nilikujibu kwa sauti, ili akina mama wasikie sikutetereka. Baba yako alisikia pia. Akainuka, akajipangusa suruali, akakubeba, mkaenda mkazunguka shamba, akakurudisha, akaondoka. Hakulala tena nyumba hii. Alikulipia shule mpaka alipofariki, na walipompeleka kuzikwa kwao sikuwa na uso wa kufuata.

Unajua nilipata nini? Nilipata sifa. Wakasema nimemtoa mwanangu kama Ibrahimu alivyomtoa Isaka. (Isaka alirudi nyumbani, lakini hilo hakuna aliyelitaja.) Wakaniita kwenye mikutano ya kiroho nishuhudie, Kerugoya, Kiriaini, kila mahali, nami nikashuhudia vizuri sana. Kile kikombe nilikiacha nje ya ushuhuda. Watu walilia, watu waliokoka. Pale Kiriaini, nikiwa katikati ya kueleza jinsi moto usivyozimika, nilikuona unakimbia mbele kwenda kuokoka. Ulikuwa na miaka kumi. Ulikuwa umejikojolea, Wangui. Akina mama wakapiga vigelegele, na mimi nikasema Bwana asifiwe. Usiku nikalifua gauni lako kwa furaha.

Tangu hapo sijawahi kukuona umelala bila kutubu. Umetubu kwa kucheka. Umetubu kwa kuota. Ulimkataa yule mwalimu kijana aliyekupenda, mtu mzuri, kwa sababu kanisa lao halifundishi kama letu, na uliniambia unaogopa kupotea naye. Mimi nikakusifu. Magoti yako yamekuwa meusi kama ya mwanamke mzee.

Na bado ningenyamaza, nakuambia ukweli. Lakini wiki tatu zilizopita nilikuja kukuletea ufunguo wa ghala ukiwa na darasa la Jumapili, nikasimama dirishani. Ulikuwa unawaambia watoto, "Mimi nilikuwa na kaka. Alikuwa ananibeba mabegani mpaka kiwandani nione kahawa ikioshwa. Alinipenda sana. Na leo anaungua, kwa sababu hakutii." Msichana mmoja mdogo akauliza, "Ataungua mpaka lini, ticha?" Ukamwambia, "Hakuna mpaka." Ulisema kwa upole, ukitabasamu. Ilikuwa sauti yangu kabisa. Nikarudi nyumbani na ufunguo.

Usidhani nimepata ufunuo mpya. Ningeupata ningekupa. Nimesoma Biblia wiki hizi tatu mpaka macho yanauma. Moto umo ndani, na huruma imo ndani, na siwezi kufanya mmoja umnyamazishe mwenzake. Yule jirani yetu Mkatoliki, Mama Rosa, alikuja mwezi uleule tuliomzika Hezron, akaniambia kwao kuna kuwaombea wafu, kwamba roho husafishwa, niruhusu amwombee. Nilimfukuza kama kuku aliyeingia jikoni. Juzi nimemwendea nikamuuliza kama angali anaweza. Akasema, "Mama Hezron, mimi nilianza siku ile ile. Sikungoja ruhusa yako." Nililia pale kwake, lakini sikupata nguvu ya kuamini. Fundi wetu wa viatu yeye anasema wafu wamelala tu, hawajui kitu, mpaka siku ya mwisho. Natamani liwe hilo. Kila mtu ana lake na kila mtu ana aya yake. Mimi nina mawili tu. Kama moto upo na Hezron yumo, mkono uliomsukuma ni huu unaoandika. Kama haupo, nilimnyima mwanangu maji bure. Nimetafuta la tatu, sijaliona. Naongoza maombi ya akina mama, maneno yanatoka yenyewe kwa mazoea, na nikirudi chumbani nikafunga mlango sina hata moja.

Sikukatazi kwenda. Nikikukataza utasema ni shetani amenitumia, na kesho utanitubia kwa kuwa ulinisikiliza. Nenda. Lakini ukiwa huko, siku moja, jiulize kwa ukweli: ungempenda Mungu kama asingekuwa na moto? Mimi sikuwahi kujiuliza, kwa hiyo sijui kama niliwahi kumpenda. Kaka yako alikaa mlangoni miezi mitano na baridi, hana Meza, hana mkono wa kushika, akamwimbia Mungu ambaye hakumwogopa. Nimekaa na watu wa imani miaka mingi na sijaona imani kuliko ile. Sisi tuliita uasi. Kanisa lilinifundisha mambo mazuri, Wangui, lilinifundisha kusoma, lilinitoa kwenye majungu na uchawi. Ila siku lilipotaka nifunge mkono wangu kwa mtoto wangu, nilipaswa kulikatalia, kisha nirudi Jumapili nikae naye benchi moja. Wangenitenga. Ningetengwa tu, ningekufa?

Sasa nakuomba jambo moja, na si kwamba ninakuamuru.

Nikifa, nizikwe mwisho wa shamba, ubavuni pa Hezron, pale baba yako aliponionyesha nikakataa. Wazee watakuja na kengele yao na kwaya, kwa kuwa kwao mimi ni mtu mkubwa. Waambie mama yenu alisema azikwe kama mwanawe alivyozikwa. Watakukasirikia, labda watakugusa kazi yako. Hilo ni lako kuamua, mimi nitakuwa sina tena la kusema. Wala usisimame kuwaambia watu kwamba nimefika mbinguni. Hujui, na mimi sijui, na yule mwinjilisti hakujua, na siku ile pale kwenye ua sikujua hata kidogo, Wangui. Nilisema tu. Uliniuliza kitu nisichokijua, ukiwa na miaka tisa na umefiwa, nami nikakujibu ili wanawake wanisifu. Nisamehe, kama unaweza. Usipoweza, sitakulaumu.

Na siku hiyo hapatakosa mtoto, wako au wa jirani, atakayekushika gauni akuulize niko wapi. Mwangalie usoni, mama, na umwambie hujui.

Mimi, mama yenu, wewe na Hezron.